Tangi hufia miguuni

Tangi la maji likitazamwa kwa mbali, jicho huenda tumboni. Historia ya matetemeko ya ardhi inatuelekeza chini, kwenye miguu. Mei 1960 Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa. Matangi membamba marefu, ambayo yeyote angedhani yataanguka kwanza, yalibaki yamesimama, ilhali mengine ya zege, yaliyoonekana imara zaidi, yaliharibika vibaya. Mwaka 1963 George Housner, profesa wa California, alieleza sababu: tangi jembamba lilinyanyuka kidogo upande mmoja, likarudi, likanyanyuka upande wa pili, na kuyumba huko kukapunguza nguvu iliyolifikia. Fikra ya kuacha kitu kitoe nafasi mahali palipochaguliwa imo pia katika bolti za msingi zinazoachiwa urefu huru juu ya zege. Ardhi ikitikisika, bolti hunyumbuka na kurefuka kabla weldi haijakatika wala zege kupasuka.

Mji wa Kindu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unahusikaje? Wengi watasema mji uko mbali na Bonde la Ufa, na ni kweli kwamba tetemeko la Bukavu la Februari 3, 2008 lilitokea mamia ya kilomita mashariki. Lakini Septemba 11, 1992 mji uliotikiswa ni Kabalo, ulio kusini kwenye reli hiyohiyo ya Kindu, na watu walikufa. Tena mawimbi ya polepole husafiri mbali, na maji ya juu ndani ya tangi kubwa husukasuka kwa mwendo wa polepole vilevile. Sisemi Kindu ijenge kama Chile. Nguvu za kukadiria hapa ni ndogo zaidi.

Pingamizi la gharama ni zito, kwa kuwa chuma hufika Kindu kwa treni, kwa mto au kwa ndege. Hapo ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Kunenepesha nguzo hugharimu chuma kingi, na mara nyingi nguzo ngumu huvuta nguvu kubwa zaidi. Bolti ndefu, mihimili ya mshazari iliyofungwa vizuri na rangi ya kuzuia kutu miguuni, ambako maji ya mvua hutuama, hugharimu kidogo kuliko kunenepesha nguzo. Anayepitisha mchoro wa tangi aulize kwanza bolti zina urefu huru kiasi gani, na nani atazikagua msimu wa mvua ukiisha.