Kopo la Fundi

Kiangazi Bariadi, vumbi halibishi hodi. Huingia dukani, huingia kwenye redio na kwenye tundu la chaji la simu, na safari yake huishia mezani kwa fundi. Hapo pana mswaki mkuukuu, kitambaa na kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia saketi. Kopo ndilo ghali, kwa hiyo ndilo linalobanwa.

Fundi mzoefu haogeshi saketi. Hupulizia mswaki kidogo, husugua penye kutu, kisha hufuta. Anajua kwamba dawa ikipulizwa kwa mbali, nyingi hupotelea hewani kabla ya kugusa uchafu. Wala haligeuzi juu chini kopo lenye mrija ndani: mrija hunyonya kutoka kwenye kitako, na likigeuzwa hutoka gesi tu. Gesi ikiisha, dawa hubaki ikichezacheza ndani, haitoki tena.

Viwanda vikubwa havikuwa na ubahili huo. Kwa miaka mingi viliosha saketi kwa CFC-113, kimiminika kisichoshika moto, kinachokauka upesi na kisichodhuru plastiki nyingi. Kilionekana hakina dhambi. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba klorini ya kemikali za CFC hula ozoni angani. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza jinsi ozoni ilivyopungua juu ya Antaktika, na mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. Mwaka 1988 kampuni ya AT&T ilitangaza mbadala: kisafishio chenye kemikali zipatikanazo pia kwenye maganda ya machungwa.

Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuachana na CFC. Kwa hiyo Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, enzi hiyo ilikuwa imepita. Lakini hesabu haijafungwa: baadhi ya makopo husukumwa na gesi za HFC, ambazo hazili ozoni ila hupasha dunia joto. Mwaka 2016, jijini Kigali, nchi zilikubaliana kuzipunguza.

Mezani Bariadi, hesabu ni fupi zaidi. Kopo likiisha na hela hakuna, kinachofuata ni petroli au thina, karibu na pasi ya kulehemu inayowaka, na mvuke wake unaishia kifuani mwa fundi. Ndiyo maana anapuliza mara moja, kidogo, kisha anafunika.