Gari Dogo Kama Chanzo cha Historia: Modeli za Plastiki za Magari ya Zamani ya Marekani na Kazi ya Kuzisahihisha

Utangulizi

Wengi wetu utotoni tuliunda magari ya waya, na magurudumu yake tukayakata kutoka kwenye kandambili zilizochakaa. Fundi wa gari la waya hana karatasi ya maelekezo. Hulitazama lori linalopita, kisha huunda alichokiona. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1950, watoto wengi waliunda magari yao madogo kwa njia nyingine. Walinunua sanduku lenye vipande vya plastiki, wakafuata maelekezo, wakaviunganisha kwa gundi. Wapo watu wazima wanaoendelea na kazi hiyo hadi leo, ila wengi wao hawaishii kwenye kuunganisha. Hupima, hukata, hujaza na kupiga msasa ili modeli ifanane na gari lililowahi kupita barabarani.

Insha hii inachunguza modeli hizo kwa jicho la mwanafunzi wa historia. Hoja yake ni kwamba modeli ya plastiki ni chanzo cha historia kama ulivyo waraka au picha: ina makosa yaliyotokana na mazingira yaliyoizaa, na anayeyasahihisha anafanya uhakiki wa vyanzo, hata kama mwenyewe haiiti kazi yake hivyo. Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote katika modeli hizi haliwezi kupimwa kwa rula.

Chimbuko la modeli: tangazo la biashara

Modeli hizi hazikuanza kama kumbukumbu. Zilianza kama matangazo. Mwaka 1948 ilianzishwa katika eneo la Detroit kampuni ya AMT, na mwanzilishi wake alikuwa mwanasheria West Gallogly. Modeli yake ya kwanza ilikuwa ya gari la Ford, iliyotengenezwa kwa alumini, na neno alumini limo katika jina la kampuni hiyo. Baadaye kampuni ikahamia kwenye plastiki. Modeli za namna hiyo ziliwekwa katika maduka ya magari. Mteja alipofika na mtoto wake, mtoto aliondoka na gari dogo lenye rangi ileile ya kiwandani, na baba akabaki na hamu ya lile kubwa. Kampuni ya Jo-Han, nayo ya Detroit, ilifanya biashara hiyohiyo.

Modeli nyingi za Detroit zilitengenezwa kwa uwiano wa 1/25, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 25 za gari halisi. Kampuni nyingine, kama Monogram ya Illinois, zilipendelea 1/24, ambayo ni sawa na nusu inchi kwa kila futi. Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza seti ambazo mnunuzi aliweza kuziunganisha kwa namna tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililorembwa, au gari la mashindano. Mwaka 1963 George Toteff, aliyewahi kufanya kazi AMT, alianzisha kampuni shindani ya MPC.

Jambo la kuzingatia hapa ni uhusiano wa karibu kati ya viwanda vya magari na watengenezaji wa modeli. Ili modeli ifike dukani pamoja na gari jipya, ilibidi mtengenezaji apewe michoro mapema, kabla umma haujaliona gari lenyewe. Kwa hiyo chanzo hiki kina nguvu na udhaifu kwa wakati mmoja. Kiko karibu sana na wahusika, lakini kilitokana na watu waliotaka kuuza.

Makosa yanatoka wapi?

Makosa ya modeli tunaweza kuyagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni makosa yanayolazimishwa na kalibu. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, kisha kipande hutolewa. Ili kitoke bila kukwama, kingo zake huinamishwa kidogo, hata pale ambapo gari halisi lina ukingo uliosimama wima. Unene nao ni tatizo. Plastiki yenye unene wa milimita 1 ingekuwa na unene wa sentimita 2.5 katika gari halisi, ilhali bati la gari halifiki hata milimita 2. Ndiyo maana kingo za matao ya magurudumu huonekana nene mno, na mrekebishaji huzikwangua kwa upande wa ndani ili zionekane nyembamba.

Kundi la pili ni makosa ya kubana matumizi. Modeli za matangazo zilihitaji magurudumu yanayozunguka, kwa hiyo zilipitishiwa ekseli ya chuma kutoka upande hadi upande. Seti za kuunganisha zilipozaliwa kutokana na modeli hizo, ekseli iliendelea kupita palepale, na katika seti nyingi ilipenya katikati ya injini. Hakuna fundi wa gereji aliyewahi kuiona injini ya namna hiyo, lakini tundu hilo linatueleza historia ya kitu chenyewe: kwamba seti ilitokana na kifaa cha matangazo.

Kundi la tatu ndilo zito zaidi kwa mwanahistoria. Kalibu ni ghali, na magari ya Marekani ya wakati huo yalibadilishwa sura karibu kila mwaka. Mara nyingi watengenezaji hawakuchonga kalibu mpya. Waliichonga upya ile ya mwaka uliopita, wakabadilisha taa, grili na mapezi ya nyuma. Kalibu nyingine ziligeuzwa kuwa za magari ya mashindano. Gari la mwaka mpya lilipozaliwa, kalibu ya gari la zamani ilikufa. Ni kama karani anayefuta daftari la mwaka jana ili aandike la mwaka huu juu ya karatasi zilezile. Wakati mwingine alama za zamani husalia, na ndiyo sababu modeli ya mwaka mmoja inaweza kukutwa na kipande cha mwaka uliotangulia.

Kusahihisha ni kuhakiki

Mrekebishaji huanza kwa kupima. Tuchukue mfano wa Chevrolet Bel Air ya 1957. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma katika gari halisi ni inchi 115, yaani milimita 2,921. Kwa uwiano wa 1/25, modeli inatakiwa iwe na milimita 116.8. Kwa 1/24 inatakiwa iwe na milimita 121.7. Tofauti ni karibu milimita 5, na jicho lililozoea huiona mara moja. Akikuta milimita 119, anajua kwamba maandishi ya sanduku na kilichomo ndani yake havisemi jambo moja.

Kisha huja kazi ya mikono. Paa likiwa fupi, nguzo zake hukatwa kwa msumeno mwembamba, vipande vya plastiki hupachikwa katikati, na gundi inayoyeyusha plastiki huunganisha vyote. Mianya hujazwa pati, ikapigwa msasa wa maji. Halafu hupulizwa rangi ya kwanza ya kijivu, ambayo hufichua kila shimo na kila mkwaruzo, kazi ikarudiwa.

Swali linabaki: anasahihisha kwa kufuata nini? Hapa ndipo uhakiki unapohitajika. Picha hupotosha umbo kutegemea lenzi na mahali aliposimama mpiga picha. Gari lililofanyiwa ukarabati kwa ajili ya maonyesho huweza kuwa na rangi inayong'aa kuliko ilivyowahi kung'aa kiwandani. Michoro ya matangazo ni hatari zaidi. Wachoraji Art Fitzpatrick na Van Kaufman, waliochora matangazo ya Pontiac katika miaka ya 1960, walijulikana kwa kuyachora magari yakiwa mapana na ya chini kuliko yalivyokuwa. Anayeisahihisha modeli yake kwa kufuata mchoro huo anaondoa kosa la mtengenezaji wa kalibu na kuweka kosa la mchoraji. Kwa sababu hiyo mrekebishaji makini hategemei chanzo kimoja. Hulinganisha vipimo vya kiwanda, picha za pande mbalimbali na, inapowezekana, gari lenyewe.

Modeli inapobaki na gari likatoweka

Kwa baadhi ya magari, kulinganisha na gari lenyewe ni shida. Kampuni ya Chrysler ilitengeneza magari 55 yenye injini ya tabo, yakiwemo matano ya majaribio, na mabodi yake yalijengwa na Ghia mjini Turin. Kati ya 1963 na 1966, 50 kati yake yaliazimwa kwa zamu kwa watumiaji 203 wa kawaida. Baada ya jaribio kumalizika, magari 46 yaliharibiwa. Yamebaki tisa tu. Lakini Jo-Han ilikuwa imetengeneza seti ya gari hilo kwa uangalifu mkubwa, na seti hizo zilisambaa majumbani. Leo aliye mbali na makumbusho anaweza kujifunza umbo la gari hilo kutokana na plastiki.

Mfano mwingine ni wa South Bend, Indiana. Kiwanda cha Studebaker cha mji huo kiliacha kutengeneza magari mwezi Desemba 1963. AMT ilikuwa na seti ya Studebaker ya 1953. Miongo kadhaa baadaye, baada ya kupita kwa wamiliki mbalimbali, jina la AMT liliangukia mikononi mwa kampuni ya Round 2, ambayo makao yake yako South Bend hiyohiyo. Mji ulioacha kutengeneza magari makubwa ukawa makao ya kampuni inayouza magari hayo yakiwa madogo.

Kosa lisilopimika

Tukiridhika na milimita, hata hivyo, tutakosa jambo kuu. Mwaka 1957 Bel Air ya milango minne ilitengenezwa kwa wingi kuliko ile ya milango miwili isiyo na nguzo ya katikati. Ndiyo iliyopeleka watoto shule na bibi kanisani. Lakini seti zinazojulikana za gari hilo ni za milango miwili. Hali ni hiyohiyo kwa magari mengi ya enzi hiyo. Tangazo huchagua gari linalotamanisha, na kijana mwenye gundi mkononi alitaka gari la mbio. Gari la watu wengi halikupata kalibu.

Anayejifunza historia ya barabara za Marekani kwa kutazama rafu ya modeli ataamini kwamba watu wote waliendesha magari ya michezo. Kila modeli inaweza kuwa sahihi kwa vipimo, na rafu nzima bado ikasema uongo. Nasi tunalifahamu tatizo hili katika nyaraka zetu: kinachohifadhiwa ni kile ambacho mwenye uwezo alikiona kina thamani.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba modeli za plastiki zilizaliwa katika biashara, zikabeba makosa ya kalibu, ya gharama na ya kufuta ya jana kwa ajili ya leo. Kuzisahihisha ni kazi ya kihistoria inayodai vipimo na ulinganishi wa vyanzo. Ingefaa mrekebishaji aandike alichobadilisha na sababu yake, kwa kuwa lile tundu la ekseli katika injini nalo ni ushahidi wa enzi yake. Aidha, wapo wanaounganisha mabodi mawili ya milango miwili ili wapate gari moja la milango minne. Hao hawana karatasi ya maelekezo. Inawabidi walitazame gari lenyewe, kama yule mtoto wa gari la waya, kisha waunde walichokiona.