Nani alikuwa anachagua mlangoni? (Sehemu ya 4)

Hii ya leo someni watoto wakishalala.

Baada ya sehemu ya 3, ile ya kaswende kwa wajawazito, nilipata ujumbe mwingi. Mmoja umenikaa kichwani. Mama mmoja kauliza: "Nesi, hawa wanawake wanaouza miili, kwani wanapokea kila anayebisha hodi? Hawachagui?" Swali zuri kuliko linavyoonekana. Hata sisi manesi nusu ya kazi yetu ni kuuliza: katoka wapi huyu, alikuwa na nani, ana dalili gani. Na wao wana maswali yao.

Jibu fupi ni kwamba wanachagua, na wamechagua tangu zamani. Ila kuna waliokuwa na nafasi ya kuchagua na kuna walioikosa, na tofauti hiyo imefika mpaka kwenye wodi zetu za wazazi. Nitachukua mji mmoja tu, Nairobi, kwa sababu habari zake zimeandikwa vizuri, na kwa sababu biashara hii pale ilifanyika kwa Kiswahili, mpaka majina yake.

Tuelewane kuhusu neno moja. Malaya leo ni tusi, hata mtoto akilitamka unamzaba kofi la mdomo. Lakini katika Nairobi ya zamani lilikuwa jina la aina mojawapo ya kazi hii, kama tunavyosema mama lishe au machinga. Nitalitumia hivyo, si kumtukana mtu.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaota pembeni yake. Wakoloni walitaka vibarua wa kiume, mshahara wa mtu mmoja, kitanda cha mtu mmoja. Mke abaki kijijini alime. Sasa mwanamume huyo anakula nini, anaoga wapi, akiumwa nani anamchemshia uji? Hapo ndipo wanawake wakaona riziki. Mwanahistoria Mmarekani, Luise White, aliwahoji vikongwe waliofanya kazi hiyo enzi za ukoloni, na mwaka 1990 akatoa kitabu. Jambo kubwa alilolikuta ni kwamba hawakuwa na bosi. Hapakuwa na mwanamume wa kuwatafutia wateja na kuwanyang'anya hela. Kila mmoja alijitegemea, chumba chake, hela yake. Kwa hiyo na ulinzi ulikuwa juu yake mwenyewe.

Walikuwa na njia tatu za kufanya kazi, na kila njia ilikuwa na namna yake ya kumchuja mtu.

Watembezi walitembea barabarani. Faida yao ni kwamba walimwona mtu kwanza: alivyovaa, amelewa kiasi gani, yuko peke yake au na wenzake. Anayetia shaka unampita. Hasara ni askari, maana mwanamke aliyekutwa barabarani usiku alikuwa rahisi kukamatwa.

Malaya hakutoka nje. Alikaa chumbani kwake, Pangani au Pumwani, akasubiri hodi. Mwanamume akiingia anakaribishwa chai, anazungumzishwa, pengine anapata chakula na maji ya kuoga, na akilala mpaka asubuhi anaondoka na kifungua kinywa. Vyote hivyo vina bei yake. Mimi nikisoma habari ya ile chai naona zaidi ya ukarimu. Mtu ukimkalisha nusu saa na kikombe mkononi unamjua: anavyojibu, mikono inatulia au haitulii, anauliza nini. Nyie mnaopangisha vyumba mnanielewa.

Lakini malaya alikuwa na tatizo lake, na jina la tatizo hilo ni heshima. Aliishi kama mke wa mtu, kwa utulivu, majirani wasisikie kitu. Kudai hela kabla ilikuwa kukosa adabu. Basi mgeni akila, akaoga, akalala, halafu asubuhi akasema "nitaleta jioni" na asirudi, mwenye chumba afanye nini? Akipiga kelele anajiaibisha yeye. Wengi walinyamaza. Walikopwa na wakameza, kwa sababu ukimya huohuo ndio uliowaletea wateja wazuri wanaorudi. Na kwa subira hiyo baadhi yao walijenga. Miongoni mwa wenye nyumba wa Pumwani ya zamani wanawake walikuwa wengi, na waliokosa watoto wa kuwazaa waliandika warithi wao, mara nyingi wanawake wenzao.

Katikati ya miaka ya 1930 wakaja wengine, wakaitwa wazi-wazi. Wengi walitoka upande wetu huku, Bukoba. (Ndugu zangu Wahaya msinirukie, nina wifi Muleba na tunapendana.) Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka duniani, mashamba ya wazee yako hatarini, na mabinti wakasafiri kwenda kutafuta. Wale wanaofanya utani juu ya hili mpaka leo hawasemi kwamba hela ile ilirudi nyumbani kuokoa mashamba ya baba zao.

Wazi-wazi hawakutaka habari za chai. Alikaa nje ya mlango wake, anaonekana, anataja bei, bei ni ileile. Hela kwanza. Muda mfupi, mtu aondoke. Mtaa wao ndani ya Pumwani ukaitwa Danguroni. Na mtu akileta ujanja wa kutolipa, wazi-wazi alipiga ukunga, na wenzake wa milango ya jirani wakatoka. Wanawake wa heshima wa Pumwani waliwadharau sana kwa hilo. Wanapiga kelele, hawana haya, wanashusha bei.

Mimi niko upande wa kelele, nisiwafiche. Nimefunga vidonda vya wanawake wengi walionyamaza ili majirani wasisikie, na wengi wao walikuwa na pete ya ndoa kidoleni.

Lakini kuchuja si kazi ya mlangoni tu. Serikali nazo zilichuja, kwa upande mmoja. Waingereza waliotawala Nairobi walikuwa wameshalijaribu hilo kwao. Mwaka 1864 bunge lao lilipitisha sheria kwa ajili ya miji yenye kambi za jeshi na bandari: mwanamke akishukiwa tu kwamba anajiuza, anapelekwa kukaguliwa sehemu za siri, na akikutwa na ugonjwa anafungiwa hospitali kwa miezi. Askari je? Hakaguliwi. Mwanamke anapimwa, anatibiwa, anarudi, anakutana na mwanamume yuleyule mwenye ugonjwa uleule. Sijui kama kuna nesi wa mwaka wa kwanza asiyeliona kosa hilo. Mama mmoja, Josephine Butler, aliongoza kampeni ya kuipinga mpaka ikafutwa mwaka 1886.

Sasa turudi Pumwani, kwenye eneo la Majengo, miaka ya 1980. Ukimwi umefika. Mwaka 1985 watafiti walipowapima wanawake wa huko waliofanya biashara hii kwa bei ya chini, thuluthi mbili walikuwa tayari na virusi. Someni tena: thuluthi mbili. Dawa za kufubaza hazikuwepo. Mtaa huohuo una hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ambako maelfu ya watoto wa Nairobi wamezaliwa.

Ingekuwa rahisi kurudia ya 1864, kukamata na kufungia. Aliyefanya vingine alikuwa nesi, Elizabeth Ngugi, Mkenya, ambaye baadaye alifika ngazi ya profesa Chuo Kikuu cha Nairobi. Natamani kila mwanafunzi wa uuguzi ajue jina hili. Alikwenda kukaa nao. Mikutano ilifanyika palepale mtaani, kwa lugha wanayoielewa, nao wakachagua viongozi kati yao wenyewe.

Fikirieni tatizo lao lilivyokuwa. Mwanamke mmoja anaamua: bila kondomu sitaki. Mteja anasema sawa, anavuka uchochoro, anaingia mlango wa pili, na aliyekataa analala na watoto wake njaa. Kukataa peke yako ni kujinyima tu. Kwa hiyo ilibidi wakubaliane wote kwa pamoja. Mteja akitoka mlango wa kwanza amenuna, mlango wa pili anakuta jibu lilelile, na wa tatu vilevile. Ataenda wapi? Bibi zao wa wazi-wazi walitoka nje kwa sababu ya hela ya jirani. Hawa walisimama pamoja kwa sababu ya kondomu.

Mwanzoni waliotumia kondomu walikuwa wachache mno. Baada ya miaka michache wakawa wengi. Hesabu ya kitaalamu iliyotolewa mwaka 1991 ilichukua wanawake 500 na kidogo wa mtaa ule, kila mmoja akiwa na wateja kama wanne kwa siku, na kondomu ikitumika mara 8 katika kila 10. Wakakadiria kwamba hapo yanazuiwa maambukizi mapya karibu 10,000 kwa mwaka, kwa wateja na kwa watu wa wateja.

Watu wa wateja ni akina nani? Ni mimi na wewe. Ni yule aliyebaki kijijini analima, ni mama aliyekaa foleni ya kliniki na kadi yake, mimba ya miezi sita, hajawahi kufika Majengo maishani mwake. Kuna wanawake wako hai leo na watoto wao wazima kwa sababu mwanamke wasiyemjua alimwambia mume wao "hapana" mlangoni. Najua sentensi hiyo ni ngumu kuimeza.

Na sasa hivi? Mlango umekuwa simu. Mwanamke hamwoni mtu wala hamkalishi kwa chai, anaona namba. Mteja anapiga, njoo hoteli fulani saa tatu usiku. Analipa bodaboda, anamwachia jirani mtoto na buku mbili ya kumwangalia, anafika, simu haipatikani. Jamaa kaingia mitini. Zamani asiyekuja hakumgharimu malaya kitu zaidi ya chai iliyopoa. Leo anayesafiri ndiye anayepata hasara. Ndiyo maana siku hizi wanaomba hela itangulie, na tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, kisha ikaja huku, imewezekana kuituma mtu akiwa bado kitandani kwake. Wanaume wanalalamika kwamba nauli inaliwa. Kweli, nyingine inaliwa. Lakini ile hela ndogo inafanya kazi ya kikombe cha chai: aliyeituma ana namba iliyosajiliwa kwa jina, na mtu mwenye nia mbaya hapendi jina lake libaki kwenye simu ya mtu.

Wanaokuja kwetu kwa vipimo wananiambia na mengine. Wanapiga wasikie sauti, hawaridhiki na meseji. Wanamwachia mwenzao jina la mahali na saa ya kurudi. Namba ya mtu mkorofi inazungushwa kwa wenzao usiku uleule, na ya anayepanga halafu haji nayo inazungushwa. Yule aliyewahi kumpiga mtu akibadilisha namba, sauti inamuumbua. Wachache wanathubutu kwenda polisi, kwa sababu ya kuogopa kwamba mlalamikaji ndiye atakayelala ndani.

Na wale wasio na mwenzao wa kumwachia jina? Hao ndio ninaowapokea mimi alfajiri.

Sasa mama aliyeniuliza, na mimi nikuulize. Kliniki ukiandikiwa uje na baba mtoto apimwe, anakuja? Nipe jibu kwa siri, nitalihitaji kwa sehemu ya 5, Jumapili, nitakapoandika juu ya kipimo cha wenza na kilivyoanza.