Aiskrimu ya Vakansi

Mwezi uliopita kikundi chetu cha kuandika kilipewa mada: chakula ambacho hutakisahau ukiwa likizoni. Vijana kumi na wanne walikuwa wamekaa chini ya mti pale kituoni, na wote wakaangua kicheko. Likizo gani? Kijana mmoja wa Burundi akasema yeye yuko likizo tangu 2015, bado haijaisha. Msichana mmoja akauliza kama foleni ya mgao inahesabiwa.

Mimi ndiye niliyeleta ile mada, kwa hiyo ilibidi nijitetee. Niliitoa kwa dada mmoja wa shirika aliyekuwa amerudi kutoka kwao Scotland. Alituonyesha picha kwenye simu: samaki wa kukaanga na chipsi, halafu aiskrimu ndefu kwenye glasi, nyuma yake bahari ya kijivu na watu wamevaa makoti. Makoti na aiskrimu! Sisi hapa Kakuma jua linatuchoma mpaka jioni na barafu tunaitafuta kwa tochi. Wao baridi wanapewa bure na bado wanainunua.

Lakini kilichonishika mimi ni jina la ule mgahawa. Nardini. Uko mji wa Largs, kando ya bahari, na ulifunguliwa mwaka 1935. Nikamwuliza, dada, hilo ni jina la Kiskoti? Akasema hapana, ni la Kiitaliano, kule kwao karibu kila mji wa pwani aiskrimu ni ya Waitaliano. Kwa nini? "Imekuwa hivyo siku zote," akasema. Mimi neno "siku zote" huwa siliamini. Mtu akiniuliza kwa nini Waethiopia ndio wenye hoteli nzuri hapa kambini naweza pia kumjibu hivyo hivyo, na nitakuwa nimemdanganya. Basi nikaanza kusoma usiku, saa ambazo bando ni nafuu.

Kwanza hiyo likizo. Tunadhani wazungu walizaliwa nayo. Si kweli. Mfanyakazi wa kiwanda wa Glasgow, miaka mia na kitu iliyopita, hakuwa na likizo ya kulipwa. Alichokuwa nacho ni Glasgow Fair, siku za katikati ya Julai ambapo viwanda na karakana za meli vilifungwa. Watu walipanda meli za moshi wakashuka na mto Clyde mpaka Rothesay, Dunoon, Largs. Mshahara nao ulisimama. Sheria iliyofungua njia ya likizo ya kulipwa, tena ya wiki moja tu, ilipita Uingereza mwaka 1938. Kwa hiyo watu walijibana mwaka mzima ili siku chache wale kitu ambacho hawakukipika wenyewe. Mimi naona utamu wa chakula cha likizo unaanzia hapo. Si lazima kiwe kizuri sana, ila kuna mtu mwingine anayeosha sahani.

Na huyo mtu mwingine alitoka wapi? Tuanze na samaki. Kumpaka samaki unga na kumkaanga kwenye mafuta ni upishi uliofika Uingereza na Wayahudi wa ukoo wa Hispania na Ureno, watu waliofukuzwa kwao. Mmoja wa wanaotajwa kuwa wa kwanza kuuza samaki huyo pamoja na chipsi, karibu na mwaka 1860, ni Joseph Malin, Myahudi mhamiaji wa London ya mashariki. Leo ukimwambia Mwingereza kwamba chakula cha taifa lake kimeletwa na wakimbizi, wengine wanacheka na wengine wananuna.

Aiskrimu nayo ilikuwa kitu cha matajiri, kwa sababu ilitaka barafu, na friji hazikuwepo. Aliyeishusha mpaka mtaani London ni Carlo Gatti, mtu wa upande wa Uswisi unaozungumza Kiitaliano, aliyefika mwaka 1847. Baadaye alileta barafu kwa meli kutoka maziwa ya Norway (maziwa ya maji, si ya ng'ombe), akaihifadhi ndani ya visima vikubwa vya chini ya ardhi. Kisima chake kimoja bado kipo London, kimekuwa jumba la makumbusho.

Nyuma yake wakaja Waitaliano maskini kwa maelfu. Waliokwenda Scotland wengi walitoka sehemu mbili: mji wa Barga, mkoa wa Toscana, na vijiji vya milimani upande wa kusini wa Roma kama Picinisco. Shamba lilikuwa dogo, watoto wengi. Wengine walivuka Ulaya kwa miguu. Watu wa Barga waliuza sanamu ndogo za plasta njiani, wengine walizungusha kinanda cha mkono barabarani, na wavulana wadogo walikabidhiwa kwa bwana aliyewafanyisha kazi na kuchukua senti zao. Nikisoma hapo nilisimama kidogo. Tunawajua mabwana wa aina hiyo.

Halafu wakasukuma mikokoteni ya aiskrimu. Mteja alipewa glasi ndogo yenye kitako kinene, ili ionekane imejaa, akalamba, akarudisha. Muuzaji aliisuuza kwenye ndoo, akampakulia mwingine. Ndoo ile ile mchana kutwa! Mwaka 1899 London ilizipiga marufuku glasi hizo kwa kuogopa magonjwa. Jawabu lilikuwa koni ya kuliwa, na wanaogombania heshima ya kuianzisha ni wahamiaji pia: Italo Marchiony, Mwitaliano wa New York, alipata hataza ya kifaa cha kuoka vikombe vya aiskrimu mwezi Desemba 1903, na Ernest Hamwi, mtu wa Syria, anasifiwa kwa kukunja mkate wake mwembamba uwe koni kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904.

Mkokoteni ukazaa duka, na kwa sababu kipindi cha baridi hakuna anayetaka aiskrimu, duka likaongeza samaki na chipsi. Ndiyo maana picha za yule dada zilikuwa mbili na hadithi yake ni moja. Maduka hayo yalikuwa wazi usiku na Jumapili, saa ambazo Scotland ya wakati ule ilitaka watu wote wawe kanisani au nyumbani. Wavulana na wasichana wa viwandani walikaa humo, wakazungumza, wakacheka, bila pombe. Wachungaji na polisi walilalamika kwamba aiskrimu inaharibu vijana. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani, maana wiki ile ile mzee mmoja wa bloku yetu alikuwa amekuja kituoni kutuambia kwamba meza ya biliadi inaharibu vijana.

Sasa nifike pale paliponiuma.

Tarehe 10 Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler. Usiku ule ule, Edinburgh, Glasgow, Liverpool na miji mingine, umati ulivunja vioo vya maduka ya Waitaliano na kubeba mali. Leith Walk ya Edinburgh barabara ilijaa vioo. Waliovunja walikuwa majirani. Nafikiri wengine miongoni mwao walikuwa wamelamba aiskrimu ya duka hilo hilo Jumapili iliyotangulia. Serikali nayo ikaagiza wanaume Waitaliano wa miaka 16 mpaka 70 walioishi nchini chini ya miaka 20 wakamatwe. Kuna wazee waliochukuliwa dukani huku watoto wao wa kiume wamevaa sare ya jeshi la Uingereza.

Wengine walipakiwa kwenye meli Arandora Star kupelekwa Canada. Kabla ya vita ilikuwa meli ya anasa, ya kupeleka matajiri likizo. Sasa ilifungwa waya wa miiba juu ya sitaha. Ndani walikuwemo Waitaliano zaidi ya 700, na Wajerumani, wakiwemo watu waliokuwa wamemkimbia Hitler huyo huyo. Asubuhi ya tarehe 2 Julai 1940 nyambizi ya Kijerumani iliipiga magharibi ya Ireland. Walikufa zaidi ya watu 800, na zaidi ya 400 kati yao ni Waitaliano: wauza aiskrimu, wapishi, wahudumu wa meza. Glasgow iliwajengea bustani ya kumbukumbu karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Andrea, ikafunguliwa mwaka 2011. Imechukua miaka 71.

Walionusurika na kupanda meli wengi walipelekwa Isle of Man, kisiwa kilichokuwa kinaishi kwa wageni wa likizo. Serikali ilichukua hoteli na nyumba za wageni zinazotazama bahari mjini Douglas, ikazizungushia waya, ikaziita kambi. Fikiria mtu aliyetumia maisha yake kuwahudumia wenye likizo, halafu analazwa kwenye kitanda cha mwenye likizo, mbele yake bahari, na haruhusiwi kuigusa. Nimelisoma hilo mara tatu. Kule hoteli iligeuzwa kambi. Hapa kwetu watu wameshikwa kambini na wao wenyewe wakaweka hoteli.

Maana Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 penye vumbi tupu, na leo ukitaka kula nje unachagua. Kuna injera na kahawa ya Waethiopia, inayochomwa mbele yako. Kuna anjera na chai ya maziwa ya ngamia kwa Wasomali. Kwa mama zetu Wakongomani kuna fufu, sombe na ndakala, ingawa ndakala siku hizi ni za kuhesabu. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilitoa ripoti kwamba Kakuma ina biashara zaidi ya 2,000. Wageni wa mashirika wakija kwa siku tatu, kitu cha kwanza wanapiga picha ni ile sinia ya injera. Nina hakika huko kwao wakisimulia safari, hiyo ndiyo inayotajwa. Sisi tumeshakuwa chakula cha likizo cha watu. Ila mwenye hoteli akitaka kwenda Lodwar kununua bidhaa anaomba kwanza kibali cha kutembea, na mgao ukipunguzwa, kama ulivyopunguzwa tena na tena, wateja wake wanaanza kuagiza chai bila mandazi.

Waitaliano walirudi kufungua maduka baada ya vita. Bila ya kusema mengi, wanavyosimulia wajukuu. Na kule Barga, ambako babu zao walitoka kwa njaa, kila kiangazi kuna sherehe ya samaki na chipsi. Kile chakula kimerudi nyumbani kikiwa mgeni.

Nilipowasomea vijana haya yote, yule wa Burundi aliniuliza: na wewe je, yako ni ipi? Nikasema mimi ninayo. Wakanyamaza, hawakutegemea.

Nilikuwa na miaka minane, dada yangu mitano. Tulikuwa tunakaa Uvira. Baba alikuwa ametoka nyumbani wiki tatu kabla na hakurudi. Asubuhi moja Mama alituvalisha nguo za kanisani, akatuambia tunaenda vakansi. Tukavuka mpaka, tukaingia Bujumbura, na huko tukisubiri basi alitununulia aiskrimu, mbili, za koni. Yangu ilikuwa ya rangi ya waridi. Yeye hakula, alisema meno yanamuuma. Kampala tulikula rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, tukiwa tumekaa juu ya mizigo. Kitale chai na mandazi makubwa kama mto wa kulalia. Kwa miaka mingi niliwaambia watoto wenzangu hapa kambini kwamba mimi nilifika kwa vakansi, na dada yangu alikuwa shahidi.

Baada ya kikundi nilienda nyumbani. Mama alikuwa nje anatwanga sombe. Nikamwuliza, Mama, ile aiskrimu ya Bujumbura, pesa ulitoa wapi? Hakuuliza aiskrimu gani. Akasema aliuza kitenge kimoja, kile alichopewa na Baba alipojifungua dada yangu.

"Sasa Mama, tulikuwa tunakimbia, kwa nini ununue aiskrimu?"

"We mtoto ulikuwa unaniua. Kila askari njiani unamwuliza kama amemwona baba yako, unamtaja na jina. Nikaona mtu mwenye koni mdomoni hawezi kuuliza."

Akaendelea kutwanga. Nikakaa kidogo, halafu nikauliza kama siku ile meno yalikuwa yanamuuma kweli.

"Meno gani?" akasema.