Mahema 210 ya Jidda

Kila mwaka, Dhulhija ikikaribia, uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz mjini Jidda hupokea umati ambao viwanja vingi duniani havijawahi kuuona. Waliopewa kazi ya kuusanifu katika miaka ya 1970 walikuwa na kitendawili kigumu: maelfu kwa maelfu ya mahujaji, wengi wao wazee, wahifadhiwe wapi wakingoja mabasi ya kwenda Makka, pengine kwa zaidi ya saa 24?

Zama za meli, haja hiyo haikuwapo kwa kiasi hicho. Mahujaji wa Mombasa na Unguja walipanda meli, wakafika kwa awamu baada ya siku nyingi baharini. Ndege zilifupisha safari na kuongeza wasafiri. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, mahujaji waliotoka nje ya Saudia walikuwa wakikaribia laki tisa kwa mwaka, na uwanja wa zamani, uliokuwa umebanwa na mji, ukaelemewa.

Jambo la kwanza ambalo mtu angefikiria ni kujenga ukumbi mkubwa wenye kuta na kuujaza viyoyozi. Lakini ukumbi wa kutosha watu 80,000 ungekula umeme wa kutisha, na wakati huo ungetumika kwa majuma machache tu ya mwaka. Tena hija hufuata mwezi mwandamo. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, hata baada ya miaka kama 33 ikawa imepita misimu yote. Jengo lililopangwa kwa baridi ya Januari lingekuja kukutana na Julai ya Jidda, yenye jua kali na unyevu wa Bahari ya Shamu.

Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill ya Marekani. Msanifu wake alikuwa Gordon Bunshaft, na mhandisi alikuwa Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka mwaka 1929, aliyekwenda Illinois kusoma mwaka 1952 na baadaye akabadilisha namna maghorofa marefu yanavyojengwa. Sears Tower la Chicago, lenye ghorofa 110 na urefu wa mita 442, lilisimama kwa hesabu zake. Mtu huyu aliyezoea kupeleka chuma juu mawinguni alifika Jidda akachagua kitambaa. Kwangu mimi, hapo ndipo ukubwa wake unapoonekana zaidi.

Walichojenga ni mahema 210. Kila moja lina mraba wa mita 45 kwa 45, na yamepangwa katika makundi kumi ya mahema 21. Nguzo za chuma zenye urefu wa mita 45, nene chini na nyembamba juu, zimeshika nyaya. Nyaya zimeshika pete ya chuma katikati ya kila hema. Na kitambaa kinateremka kutoka kwenye pete hiyo hadi pembeni kwa umbo la pia iliyopinduliwa. Jumla ya eneo lililofunikwa ni zaidi ya hekta 42, yaani karibu viwanja sitini vya mpira wa miguu. Kitambaa chenyewe kimefumwa kwa nyuzi za kioo na kupakwa tefloni, na mahema 21 ya kundi moja yalivutwa juu yote kwa pamoja, ili mvutano wa upande mmoja usizielemee nguzo za upande wa pili.

Utaalamu huo ungekuwa fahari tupu kama usingefanya kazi, nao unafanya. Kitambaa cheupe hurudisha takriban robo tatu ya miali ya jua, na sehemu ndogo tu ya mwanga hupenya, ya kutosha kuangaza mchana bila taa. Hewa ya moto hupanda kwenye mteremko wa hema na kutokea kwenye pete iliyo wazi juu. Hewa nyingine huingia kutoka pembeni kujaza nafasi yake, kwa kuwa hakuna ukuta wa kuizuia. Upepo hupita. Nyumba za Waarabu wa jangwani zilifanya hivyohivyo kwa manyoya ya mbuzi, karne na karne kabla ya tefloni.

Viyoyozi viliwekwa tu kwenye majengo membamba yaliyo upande wa ndege, ambako pasipoti hukaguliwa na mizigo hupokelewa. Akishatoka hapo, haji aliyekwishavaa shuka zake mbili za ihramu huingia kwenye kivuli kikubwa chenye vyoo, mahali pa kutawadha, pa kula, pa kubadilisha fedha na pa kupumzikia. Wenye nchi moja hukaa pamoja na kiongozi wao wa msafara. Wanatandika, wanaswali, wanalala, wanasubiri jina la kundi lao liitwe. Wasanifu walielewa kwamba kungoja nako ni sehemu ya hija, wakakupa heshima yake.

Miaka 20 kabla ya hapo, Saudia ilikwishajaribu kuipa safari ya anga sura ya nyumbani. Jengo la abiria la Dhahran, lililosanifiwa na Minoru Yamasaki na kukamilika mwaka 1961, lilijaa matao yaliyochongoka na nakshi za zege, likapendwa hadi likachapwa kwenye noti za nchi. Ni zuri, sibishi. Lakini pale utamaduni umo katika umbo la matao tu, na Jidda umo katika namna ya kulikabili jua. Naiona njia ya pili kuwa ya kweli zaidi.

Mahema yalifunguliwa mwaka 1981. Khan alifariki mjini Jidda humohumo Machi 1982, akiwa na miaka 52, na mwaka uliofuata jengo likapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Horst Berger, mhandisi aliyeshughulikia kitambaa, aliichukua elimu hiyo hadi Denver, ambako uwanja uliofunguliwa mwaka 1995 una paa jeupe la vilele linalowakumbusha watu theluji ya milima ya Rocky.

Sisi pia tunalo la kwetu. Jengo la Pili la abiria la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1984, ni kazi ya Mfaransa Paul Andreu, yuleyule wa uwanja wa Charles de Gaulle mjini Paris. Nguzo zake hugawanyika juu kama matawi na kubeba paa, msafiri akawa anapita chini ya miti ya zege. Tangu Jengo la Tatu lenye uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka lilipofunguliwa mwaka 2019, la pili halitajwi sana. Siku litakapokarabatiwa, naomba mafundi wasifunike matawi yale kwa dari ya bodi.