Nyuzi-siku: Hesabu ya Baridi Ilikotoka

Wengi wetu tumelelewa hapa Maine na wazazi waliotoka nchi za joto. Kila Januari, gari la mafuta ya kupashia nyumba likishaondoka, swali nyumbani ni lile lile: "Nani amegusa thamostati?" Washtakiwa wa kwanza ni sisi watoto. Safari hii tuliamua kutafuta ushahidi. Tuliupata katika hesabu ya zamani ambayo hapa tutaiita nyuzi-siku.

Hesabu hii ilianzia shambani. Mwaka 1735 mwanasayansi Mfaransa, Réaumur, alijumlisha joto la kila siku ili kueleza kwa nini mazao huwahi kuiva mwaka mmoja na kuchelewa mwaka mwingine. Mwaka 1878, Uingereza, Richard Strachey alieleza namna ya kukadiria joto lililozidi kiwango maalumu. Hao wote walihesabu joto lililopatikana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi wa gesi wa Marekani waliigeuza hesabu hiyo, wakahesabu joto lililokosekana. Waliona kwamba wastani wa siku ukishuka chini ya nyuzi 65 za Fahrenheit, yaani kama 18 za Selsiasi, nyumba huanza kuhitaji moto, na fueli huongezeka kadiri upungufu unavyoongezeka. Ndani watu walitaka joto zaidi ya hilo, lakini tofauti ilijazwa na miili yao, jiko, taa na jua la dirishani. Uingereza wao hutumia nyuzi 15.5 za Selsiasi.

Kukokotoa ni rahisi. Chukua joto la juu la siku na la chini, tafuta wastani, kisha utoe kwenye 65. Siku yenye 34 na 16 ina wastani wa 25, kwa hiyo ina nyuzi-siku 40. Wastani ukifika 65 au kuzidi, andika sifuri. Halafu jumlisha siku zote za mwezi. Wauza mafuta hutumia hesabu hii kujua tangi la mteja linakaribia kwisha lini, bila kwenda kulichungulia.

Tulijaribu kwa nyumba ya mmoja wetu. Desemba ilikuwa na nyuzi-siku 1,100 na galoni 110. Januari ilikuwa na 1,300 na galoni 130. Miezi yote miwili, galoni moja ilitosha nyuzi-siku 10. Bili ya Januari, basi, ililetwa na baridi, si na watoto. Lakini Februari nyuzi-siku zilikuwa 1,120 na galoni 140: galoni moja ilitosha 8 tu. Hapo kasoro ilikuwa ndani ya nyumba. Tulipokagua tukakuta dirisha la chumba cha chini ya ardhi halifungi sawasawa.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba 65 ni namba ya nyumba za zamani, zilizopitisha upepo. Nyumba ya leo iliyozibwa vizuri huweza kukaa bila moto hata kwenye baridi zaidi ya hiyo.

Mama alipoonyeshwa karatasi yetu aliisoma mara mbili, akasema, "Haya, Januari nimewasamehe." Kisha akatutuma tukazibe dirisha.