Boyi: Jina na Kazi katika Mji wa Elisabethville

Reli iliyoanzia Cape, ikapita Bulawayo, ikavuka mto Zambezi penye Maporomoko ya Victoria na kugusa Sakania mnamo mwaka 1909, iliwasili mwaka uliofuata katika mji mchanga ambao Wabelgiji walikuwa wameupa jina la malkia wao, wakauita Elisabethville. Na pamoja na vyuma vya kalibu ya kuyeyushia shaba, iliyowashwa kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911, likashuka katika mabehewa neno moja fupi la Kiingereza lisilotajwa katika hati yoyote ya shehena. Neno hilo ni boy. Watu wa Katanga, jimbo la Kongo lenye mji huo, walilitamka boyi, na katika wingi wakasema baboyi, kwa kuwa lahaja yao huwatangulizia watu ba mahali ambapo watu wa pwani husema wa.

Msomaji asishangae kwamba koloni la Ubelgiji lilipokea neno la Kiingereza. Katika miaka ile ya kwanza mji ulielekea kusini kuliko Brussels: fedha ya Kiingereza ilipita mikononi mwa wafanya biashara, Wazungu wengi walikuwa wametoka Rhodesia na Afrika ya Kusini, wafanya kazi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na kampuni ya Union Minière, iliyoasisiwa mwaka 1906, ilikuwa na ubia mkubwa wa Mwingereza Robert Williams na shirika lake la Tanganyika Concessions. Kiswahili nacho hakikuwa kigeni katika nchi hiyo, maana Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kutawala Bunkeya mpaka alipouawa mwezi Desemba 1891, alifanya biashara na watu wa pwani; lakini migodini ilisikika kwanza lugha ya amri iliyochanganywa huko kusini, na Kiswahili kilipewa nafasi yake baada ya Vita vya Kwanza, wakati Wabelgiji walipotaka kuupunguza uzito wa Waingereza katika mji wao. Lugha ya kusini iliondoka, boyi alibaki.

Neno lenyewe lina tarehe ya ajabu. Katika Kiingereza cha Zama za Kati, kabla halijatulia kuwa jina la mtoto wa kiume, lilitumika aghalabu kwa mtumishi na mtu wa chini. Waarabu nao wana ghulamu, aliye kijana na mtumwa kwa pamoja, na Wafaransa humwita garçon mtoto wa kiume na mhudumu wa mezani vilevile. Yaonekana kwamba mataifa mengi yamepata kumtazama mtumishi kama mtu asiyefikia utu uzima, na sidhani kwamba jambo hilo lilitukia kwa bahati mbaya. Kwetu pwani hatuna haki ya kujitoa katika hukumu hiyo, maana tulikuwa na mtwana na kijakazi, ambao walikuwa milki ya watu. Lakini tulikuwa pia na mtumishi, mpishi, dobi na hadimu, na kila jina lilieleza kazi au daraja ya mwenyewe. Boyi aliyameza majina haya yote. Palikuwa na boyi wa nyumba, boyi wa jiko na boyi wa kufua nguo. Na hata yule aliyefuatana na dereva wa lori, ambaye Tanzania huitwa utingo na Kenya tanboi, katika Kongo aliitwa boi-shofa.

Karibu wote walikuwa wanaume, na wengi wao walikuwa na wake, watoto na mvi. Mtu aliyeheshimiwa kwao kwa umri wake, ambaye hakuna kijana aliyethubutu kumtaja bila taadhima, alivaa nguo nyeupe akaitikia jina la mtoto kwa bibi wa nyumba aliye rika la binti yake. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya ua, kilichoitwa boyeri, ilhali mji wa Wazungu ulitengwa na mitaa ya Waafrika kama Kamalondo, na Mwafrika asiye na kibali hakuruhusiwa kuutembelea usiku. Kwa hiyo boyi alikuwa karibu peke yake katika watu weusi aliyeruhusiwa kulala ndani ya mpaka huo. Lafudhi aliyosemeshwa ilikuwa ya amri, na Kifaransa kilichomshukia kilikuwa cha wewe asemeshwaye mtoto, si kile cha heshima; jambo ambalo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alilikumbusha hadharani mbele ya mfalme wa Ubelgiji siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, na ambalo watumishi wa Elisabethville hawakuhitaji kukumbushwa.

Walakini kukaa karibu na meza kuna faida yake. Bwana aliyemdhania boyi kuwa hana masikio alizungumza mbele yake habari za kampuni, za serikali na za ndoa yake. Naye boyi alizihifadhi, na jioni akawasimulia wenziwe, nao wakampa bwana yule jina la utani lililodumu kuliko cheo chake. Wazungu walipokimbilia kusini katika ghasia za Julai 1960, na Katanga ilipojitenga mpaka Januari 1963, elimu hiyo ilibaki vichwani mwa watu ambao ajira yao ilikuwa imetikisika.

Ndipo mwaka 1965 ilipotoka kazi ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vya ajabu vya Kiswahili. André Yav, kwa niaba ya watumishi wa majumbani wenziwe, aliandika kwa mashine ya chapa tarehe ya mji, akaipa jina la Kifaransa lenye maana ya msamiati wa mji wa Elisabethville, ingawa hakuna ndani yake orodha ya maneno iliyopangwa kwa alifu na be. Kurasa zake ni chache, tahajia yake haikumtii mwalimu yeyote, na maneno hukatwa na kuunganishwa kama sikio lilivyoamua. Lakini yamo mambo ya utawala, ya kazi, ya dhuluma na ya majina ya Wazungu, yakisimuliwa na waliobeba sinia. Waandishi wake hawakulikimbia jina la boyi. Walilichukua wakaliweka mahali pa mwanahistoria, wakijihesabu pamoja na baba na babu zao kuwa miongoni mwa waliojenga mji. Mtaalamu Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliyatoa maandishi hayo mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wasomi wa mbali wakayajua.

Mji ulibadilishwa jina mwaka 1966 ukawa Lubumbashi, ukarudi kwenye jina la mto wake. Neno boyi halikufutwa kwa amri ya serikali, na hata leo mwenye nyumba asiye na staha hulitumia kumwita mtu mwenye wajukuu. Nawasihi waalimu wa Lubumbashi wayasomeshe maandishi ya Yav darasani, kwa Kiswahili kilekile alichokiandika na bila kukisafisha, na wanafunzi wawaulize wazee wa mitaa ya mji huo, Kamalondo, Kenya na Katuba, ni majina gani ya utani ambayo Yav hakuyapata.